Kinatay: barua kwa shoga yangu

Dubai, Ijumaa usiku

Shoga yangu,

Asalamu alekum. Natumai u mzima, wanao wazima, na mama amepata nafuu ya yale magoti. Mimi huku sijambo, kazi ndiyo ile ile: mashuka, taulo, mashuka.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza hadi mwisho, na bajaji zote za mtaa wenu ndani yake. Unataka kujua kama ni kweli ile filamu ya Kifilipino, Kinatay, ndiyo mbaya kuliko zote zilizowahi kuoneshwa kwenye tamasha la filamu la Cannes, kule Ufaransa, au ni wahakiki tu waliodeka. Halafu, kama kawaida yako, ukachomeka la pili kwa haraka kana kwamba ni dogo: je, uiweke kwenye jioni zenu za filamu? Nakujibu kwa barua kwa sababu kwenye simu utanikatiza.

Nianze na ugomvi wenyewe, maana watu wanaujua ugomvi kuliko wanavyoijua filamu. Ilikuwa Mei 2009. Brillante Mendoza, mwongozaji wake, alikuwa anaingia shindanoni Cannes kwa mwaka wa pili mfululizo. Mwaka 2008 alikwenda na Serbis, filamu ya kwanza ya Kifilipino kushindania Palme d'Or, tuzo kuu ya pale, tangu ile ya mwongozaji Lino Brocka mwaka 1984. Usimdhanie kijana aliyebahatika. Alizaliwa 1960, akapamba seti na kutengeneza matangazo ya biashara kwa miaka, na filamu yake ya kwanza akaitoa 2005, akiwa na miaka 45.

Sasa, Roger Ebert, mhakiki mashuhuri wa filamu wa Chicago, alikuwa ameandika mwaka 2003 kwamba The Brown Bunny ya Vincent Gallo ndiyo filamu mbaya kuliko zote katika historia ya Cannes. Alipotoka kuiangalia Kinatay akaandika kwamba inabidi amwombe Gallo radhi. Fikiria tusi lililosukwa namna hiyo! Siku chache baadaye majaji, mwenyekiti wao mwigizaji wa Kifaransa Isabelle Huppert, wakampa Mendoza tuzo ya mwongozaji bora, Mfilipino wa kwanza kuipata pale. Mwongozaji wa Kimarekani Quentin Tarantino, ambaye mwaka huo alikuwa mshindani mwenzake, akamwandikia barua ya kumsifu. Basi kuanzia hapo kila anayeitaja Kinatay anaanza na majina haya: Ebert alisema hivi, Tarantino alisema vile. Filamu yenyewe ikabaki kama maiti ambayo ndugu wanagombea mirathi mbele yake.

Mimi nimeiona hapa hapa kwenye nyumba ya wafanyakazi, kwenye laptopu iliyowekwa juu ya meza ya kupigia pasi, pamoja na Mfilipino mmoja wa idara ya ufuaji. Sote tunamwita Kuya, ndivyo wao wanavyomwita kaka mkubwa, hata sisi tuliomzidi umri. Anatoka Pampanga, mkoa ule ule wa Mendoza. Nilimwomba akae nami kwa sababu tafsiri za maandishi ya chini zinakula maneno, na yeye angenieleza.

Nikusimulie kidogo, si yote. Mchana wa Manila, jua kali, soko, watu wanapishana na mizigo. Kijana wa miaka 20 hivi, Peping, anasomea mambo ya upolisi. Ana mtoto mchanga na mchumba, na siku hiyo wanakwenda kufunga ndoa ya serikali mbele ya hakimu. Mahari hakuna, shela hakuna, fedha ni za kuungaunga. Ndugu wanacheka, wanapiga picha, wanakwenda kula. Njiani kuna mtu amepanda juu ya bango la matangazo anataka kujirusha, na watu chini wamekusanyika na kamera za televisheni, na maharusi wetu wanapita tu na safari yao. Ni dakika nzuri sana hizi, shoga. Ungedhani unaangalia filamu ya mapenzi ya watu wa kawaida.

Usiku unaingia. Rafiki yake aliyesoma naye anamwita kwenye kakazi ka kulipwa. Peping tayari huwa anamsaidia kukusanya vijisenti vya magenge, kwa hiyo hashtuki. Anapanda van. Ndani mna wanaume wazima, baadaye unaelewa kwamba ni mapolisi. Wanasimama kwenye klabu, wanamchukua mwanamke anayecheza uchi pale, anaitwa Madonna, anadaiwa fedha za unga. Wanampiga, wanamfunga, wanamlaza sakafuni mwa gari, na safari inaanza kutoka nje ya jiji.

Safari hiyo ndiyo iliyomtoa Ebert roho, na wengine wengi. Ni ndefu. Ni giza. Taa za barabarani zinapita usoni mwa Peping, zinapotea, zinapita tena. Mlio wa injini na tairi umepandishwa mpaka unakuingia kwenye fizi. Hakuna linalotokea isipokuwa kwamba gari linakwenda. Kuya aliinuka, akabonyeza kitufe cha kuongeza mwanga wa skrini, akabonyeza tena, akaniambia hii kopi yako mbovu. Nikamwambia si mbovu, ndivyo ilivyo. Akanitazama kama niliyemuuzia simu feki, akaketi.

Hapa mimi ni wa upande wa majaji. Wahakiki waliolalamikia giza na urefu walikuwa wanataka van ifike. Mimi pia nilitaka ifike! Na hapo ndipo Mendoza alipotukamata, kwa sababu kufika kwa van ni kufa kwa yule mwanamke. Unakaa pale umechoka, umekereka, unataka safari iishe, halafu unatambua unachokitaka. Angeikata ile safari ikawa ya dakika mbili kama filamu zote zinavyofanya, Peping angeonekana mjinga: mbona hukushuka? Lakini umekaa naye gizani dakika baada ya dakika, na kila dakika kulikuwa na sababu ndogo ya kutoshuka. Baadaye wanamtuma dukani. Yuko peke yake, mabasi yapo, angeweza kupanda moja akaenda zake kwa mkewe. Anasitasita, anarudi. Hakuna muziki wa kukwambia hapa ndipo alipopotea. Mwandishi wa skripti, Armando Lao, ana namna yake anayoifundisha, ya kuokota hadithi kutoka kwa watu na mahali penyewe na kuacha muda uende kama unavyokwenda, na katika zile dakika za van nadhani imefika kikomo cha ubora wake.

Kwenye nyumba, yanayofuata sitakuandikia kwa urefu. Anabakwa, anauawa, anakatwakatwa, na jina la filamu ndilo hilo, amechinjwa. Kamera inabaki karibu na Peping zaidi kuliko karibu na kisu, mengi unayaona kwa nusu. Wakati wa kurudi wanavitupa viungo njiani, kipande hapa, kipande kule. Wanasimama wanakula. Peping analipwa. Anapanda teksi alfajiri, teksi inapata pancha, anasubiri barabarani na fulana yake ya chuo yenye maneno ya uadilifu. Mkewe nyumbani anapika, mtoto mkononi. Kwisha.

Sasa nikueleze linaloniuma, na sijaona likizungumzwa kama linavyostahili na wale waliogombana mwaka ule. Peping amepewa asubuhi. Tumemwona akiamka, akioga, akioa, tumejua shangazi zake. Madonna hakupewa asubuhi. Anaingia kwenye filamu usiku, jukwaani, uchi, na anatoka humo vipande vipande. Katikati analia na kuomba. Mwigizaji wake ni Maria Isabel Lopez, aliyeiwakilisha Ufilipino kwenye Miss Universe ya 1982, mwanamke ambaye uso wake ulijulikana nchi nzima, na anafanya kila linalowezekana na ile nafasi finyu aliyopewa: sauti yake tu nyuma ya kitambaa ilinitosha kukosa usingizi. Lakini filamu haina haja naye. Ina haja na dhamiri ya kijana anayemtazama akifa. Ningemwuliza Mendoza swali moja tu, ningeuliza Madonna alikunywa chai na nani asubuhi ile.

Kuna wanaosema ndivyo ilivyokusudiwa, kwamba Peping hamjui kwa hiyo nasi tusimjue. Najua hoja hiyo, na ina nguvu. Hainitoshi. Kamera iliyopata muda wa kumtazama mtu asiyejulikana juu ya bango la matangazo haikukosa muda wa mwanamke huyu.

Ebert hakulisema hili, au hakulitilia uzito. Alichukizwa na giza, kelele na ukatili, na kwa mtu aliyekuwa ameona filamu zote alizoona yeye, nashangaa ukatili ulimtosha kuwa hoja. Mwaka ule ule shindanoni kulikuwa na Antichrist ya Lars von Trier, na humo wanajikata sehemu ambazo sizitaji kwenye barua, na mwigizaji wake Charlotte Gainsbourg akapewa tuzo. Kwa hiyo Kinatay haikuwa kichaa peke yake kijijini. Ila von Trier alikuwa na picha za kupendeza na mwendo wa polepole wa kifahari. Mendoza alikuwa na van. Huenda ninamwonea Ebert, na Mungu amrehemu, lakini nadhani ubaya uliopigwa rangi vizuri humwudhi mhakiki kidogo kuliko ubaya uliopigwa picha kama unavyoonekana kweli saa nane usiku.

Na Huppert naye, kuna uvumi wa pembeni kwamba majaji walivutwavutwa. Sikuamini wala sikukataa. Ninachojua ni kwamba 2012 yeye mwenyewe aliigiza kwenye filamu ya Mendoza, Captive, ya wale mateka waliotekwa na Abu Sayyaf, kundi la wapiganaji la kusini mwa Ufilipino. Alikubali kufanya kazi na mtu yule yule aliyempa tuzo. Hilo kwangu linaonesha alikuwa anaamini alichokifanya.

Nirudi kwa Kuya. Ilipokwisha nilimwuliza kwao waliipokeaje. Akacheka. Akasema kwao nani ameiona? Mama yake hajaiona, dada zake hawajaiona. Coco Martin, huyo aliyeigiza Peping, mama yake anamjua kwa jina la Cardo, polisi mwema wa Ang Probinsyano, tamthilia iliyorushwa tangu 2015 hadi 2022, kila siku ya kazi, baada ya chakula cha jioni. Hebu pima hilo. Kijana aliyepanda van ya mapolisi wauaji ndiye taifa zima lilimpenda baadaye akiwa polisi asiyekufa. Wewe na mama yako mnaopenda tamthilia za Kifilipino mtamwelewa Kuya kuliko mimi.

Halafu akasema jambo ambalo wenzake wengi wa kwao wanalisema, tena kwa hasira zaidi: kwamba filamu hizi zinatengenezewa wazungu. Umaskini wetu unapakiwa, unapelekwa tamashani, unapigiwa makofi, na mtaa uliopigwa picha haupati hata tiketi. Wao wana jina la dharau kwa hilo, ponografia ya umaskini, na Mendoza amebandikwa hilo jina kuliko mwongozaji mwingine yeyote wa kwao. Sikubishana na Kuya usiku ule, saa ya zamu ilikuwa inakaribia. Ila nilijiuliza ni nani mwingine amewahi kusema usioneshe uchafu wetu kwa wageni. Enzi za rais Marcos, aliyetawala kidikteta, mkewe Imelda ndiye aliyetaka sanaa ya ukweli, wema na uzuri, na vibanda vya maskini vikafichwa kwa kuta wageni wakubwa walipokuja. Funika kombe mwanaharamu apite. Brocka akaenda Tondo, mtaa wa maskini wa Manila, akapiga picha filamu yake Insiang, na mwaka 1978 ikawa filamu ya kwanza ya Kifilipino kuoneshwa Cannes. Bayan Ko yake ya 1984 ilibidi itoroshwe kwenda huko. Kwa hiyo neno la Kuya na neno la Imelda yanafanana sauti, ingawa Kuya anasema kwa sababu ameishi kwenye kile kibanda, na Imelda kwa sababu alikijengea ukuta. Sijui kama filamu inaweza kuwajibu wote wawili kwa pamoja. Brocka alikaribia, kwa sababu Insiang ni hadithi ya msichana mwenyewe.

Kuna jingine linaloichafua Kinatay kwa nyuma, na ndilo lililobadilisha namna watu wanavyoiangalia leo. Mwaka 2016 Mendoza alirudi Cannes na Ma' Rosa: mama mwenye duka dogo anayeuza na unga kidogo chini ya meza, polisi wanamkamata, wanadai fedha, watoto wake wanahangaika usiku kucha kuzitafuta. Jaclyn Jose akapata tuzo ya mwigizaji bora wa kike. Mei hiyo. Julai 25 mwaka huo huo, rais mpya wa Ufilipino, Rodrigo Duterte, akatoa hotuba yake ya kwanza ya hali ya taifa, na aliyeongoza kamera ni Mendoza! Mwaka uliofuata tena. Nje, vita ya Duterte dhidi ya dawa za kulevya ilikuwa inaua. Hesabu ya polisi wenyewe ilikuja kupita watu 6,000, na watetezi wa haki wanataja zaidi ya hapo sana. Mendoza akaitetea kampeni ile hadharani. Machi 2025 Duterte akakamatwa na kupelekwa The Hague, kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai.

Wengi walisema wamesalitiwa: mtu aliyetuonesha mapolisi wakikatakata mwanamke anayedaiwa fedha za unga atawezaje kumpamba rais huyu? Mimi sikushangaa sana, na hii ni hisia yangu tu, usiende kuinukuu. Rudi kwenye van. Filamu inajua kwa undani jinsi mtu anavyofuata mkumbo. Haikasiriki kamwe. Mauaji ndani yake yanakuja kama mvua, yanamnyeshea Peping, halafu asubuhi inakuja na wali unapikwa. Mtu anayeuona ulimwengu hivyo anaweza kuweka kamera popote, hata mbele ya jukwaa la rais, na asione kwamba amehama.

Bado nasema ile safari ya van ni kazi kubwa. Siiondoi kwa sababu ya 2016.

Sasa jioni zenu. Kwanza mambo ya kibali unayajua kuliko mimi, na unakumbuka Kenya ilivyokuwa 2018 na filamu ya Rafiki ya Wanuri Kahiu: Cannes waliipokea, nyumbani bodi ikaipiga marufuku, ikabidi mahakama iruhusu ioneshwe siku saba tu. Hata kwao Ufilipino, filamu ambazo bodi ya ukaguzi ingezipitishia mkasi huoneshwa nzima kwenye ukumbi wa Chuo Kikuu cha Ufilipino, kwa sababu chuo kina msamaha wake. Kwa hiyo ukitaka Kinatay, zungumza na wale walimu wako wa chuo, waite watu wazima, waambie wazi mlangoni kuna nini ndani, hasa wanawake, kwa sababu mwenye jeraha hapaswi kushtukizwa. Na usimruhusu yule kijana wa mitambo airushe mbele safari ya gari. Atataka. Mwambie akiirusha, basi ameonesha filamu nyingine.

Kwa jioni ya watu wote, yenye akina mama na vijana wa mtaani, onesha Lola, maana yake bibi. Mendoza huyo huyo, mwaka huo huo 2009, aliipeleka tamasha la Venice, Italia, miezi michache baada ya zogo la Cannes, na kwa sababu haikumtapisha mtu ikazungumzwa kidogo. Bibi wawili wa Manila. Mjukuu wa mmoja ameuawa kwa ajili ya simu, mjukuu wa mwingine ndiye anayeshtakiwa. Mmoja anatafuta fedha za jeneza, mwingine anatafuta fedha za kumtoa mjukuu jela. Mtaa wenyewe umejaa maji, watu wanakwenda kwa mitumbwi, na jeneza pia linakwenda kwa mtumbwi. Mwanzoni kabisa yule bibi wa marehemu anajaribu kuwasha mshumaa pale mjukuu alipouawa, na upepo unamkatalia, anajaribu tena, mjukuu mdogo akiwa naye. Anita Linda na Rustica Carpio ndio hao bibi. Humo kila mtu amepewa asubuhi yake. Mama yako ataipenda, ingawa atabishana na mwisho wake, maana wale bibi wanaumaliza ugomvi kwa fedha, na yeye ana maoni makali kuhusu mambo ya diya.

Nyie mtakaoiona Kinatay muulizane lile swali langu la chai. Kama kuna atakayeitetea filamu vizuri niandikie alivyosema, neno kwa neno, usinifupishie. Na zile fedha za projekta nitatuma wiki ijayo mshahara ukiingia, mwambie yule bwana asiikodishe kwa harusi kwanza.

Nisalimie nyumba nzima.

Ni mimi, shogayo